Mkubwa, Mpole, Chotara: Mbwa Tuliyemchukua Kituoni

Hapa kwetu mbwa huchaguliwa kwa ukali. Ukimwambia mtu umepata mbwa, atakuuliza kwanza kama anauma, halafu kama anabweka usiku. Geti baada ya geti, kutoka Rongai hadi Ruaka, viungani mwa Nairobi, kibao ni kile kile cha "Mbwa Kali", hata kwenye ua usio na mbwa. Ndiyo sababu niliposema nyumbani kwamba natafuta mbwa mkubwa na mpole, mama alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbwa mpole atakulindia nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, ila jibu halikuenea kwenye simu ile. Limezidi kukua kadiri nilivyoishi na mbwa mwenyewe, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Mbwa huyo anaitwa Jabali, jina alilopewa na wahudumu wa kituo cha wanyama tulikomchukua, nami sikuona sababu ya kulibadilisha. Ni chotara. Kichwa kipana na midomo inayoning'inia inaelekea vimetoka kwa Boerboel, wale mbwa wazito wa mashamba ya Afrika Kusini ambao wamekuwa wengi Nairobi siku hizi. Mgongo mweusi na miguu ya kahawia ni vya German Shepherd. Mkia unaojikunja juu ni wa mbwa wetu wa kijijini. Hayo ni makisio, maana hakuna aliyewaona wazazi wake. Uzito wake umepita kilo 40. Akisimama kando ya meza ya jikoni, kidevu chake kinafika juu ya meza bila yeye kujinyoosha.

Tulimpata KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama nchini Kenya, kwenye kituo chao kilicho kando ya Barabara ya Lang'ata, upande wa Karen. Chama hicho ni kikongwe. Kilianza mwaka 1910, wakati mizigo ya Nairobi bado ikivutwa na ng'ombe. Siku hizi hupokea mbwa, paka, punda na wengineo: walioachwa barabarani, walioporwa mikononi mwa watesaji, na wale ambao wenyewe waliwaleta kwa uchungu kwa sababu wanahamia ghorofani, au wanahama nchi, au mwenye nyumba amekataa wanyama. Wengi hudhani kila mbwa aliye kituoni ana kasoro. Ukikaa na wahudumu kidogo utasikia kwamba mara nyingi kasoro ilikuwa kwenye maisha ya mwenye mbwa, na mbwa akabebeshwa.

Familia nyingi zinazofika pale hutaka mbwa mchanga. Naelewa. Mtoto wa mbwa anapendeza, watoto wetu wanampakata, na tunajiambia tutamlea tutakavyo. Lakini mtoto wa mbwa ni mkoba uliofungwa, hasa akiwa chotara. Utaona makucha mapana na kukisia kwamba atakuwa mkubwa, basi. Tabia yake hutaijua mpaka atakapofikisha mwaka na nusu au miwili, nawe kwa wakati huo umeshajifunga. Mbwa aliyekomaa amekwisha kuwa yeye. Ukubwa wake unauona, sauti yake unaisikia, na ukiwa na subira, upole wake unaweza kuupima kwa macho na mikono yako.

Nasema upime mbwa mwenyewe kwa sababu aina yake haitakusaidia sana. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusu mbwa zaidi ya 18,000, machotara wengi wakiwamo, na ikaonekana kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Na katika tabia zote walizochunguza, wepesi wa kukasirika ulikuwa miongoni mwa zile ambazo aina haikuweza kuzitabiri kwa lolote la maana. Watu wanaolipa maelfu kwa ajili ya cheti cha ukoo wakidhani wananunua moyo wa mbwa, wananunua rangi na umbo. Na anayemkimbia chotara kwa kuwa "huwezi kujua ana nini ndani" anaogopa jambo ambalo hata huyo wa cheti analo.

Damu hizi za mchanganyiko zenyewe zina historia. Watafiti waliochunguza mbwa wa vijijini Afrika, kwa sampuli kutoka Misri, Uganda na Namibia, walieleza mwaka 2009 kwamba wengi wa mbwa wa Uganda walikuwa wa asili ya hapa hapa, wazao wa mbwa waliofika barani zamani sana, ilhali kwingine damu za kigeni zilikuwa zimeingia kwa wingi. Kwa hiyo yule mbwa mwembamba wa rangi ya mchanga anayelala kivulini nje ya duka kijijini hakutokana na mabaki ya mbwa wa wazungu. Ana ukoo wake, mrefu na imara. Jabali ana sehemu ya ukoo huo mkiani, na mimi namwona amependelewa.

Sasa upole. Hapa nataka kukaa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezwa na macho.

Kizimba cha kituo ni mahali pagumu. Kuna kelele kutwa, harufu ya mbwa wasiojuana, na watu wageni wanaopita wakitazama. Katika hali hiyo, mbwa anayeruka na kubweka kwenye wavu huenda akawa mpole kabisa akitolewa nje. Kinachompandisha ni ule wavu. Na mbwa aliyejikunja kimya kwenye kona, ambaye mgeni atasema "huyu ametulia", huenda ametulia kwa sababu ameganda kwa hofu. Mwili wake unakaza, mkia umefichwa tumboni, weupe wa jicho unaonekana pembeni, analamba midomo na kupiga miayo ingawa hana usingizi. Huyo anastahili huruma na mtu mwenye ujuzi. Akienda kwenye nyumba yenye watoto watatu na kelele, hofu yake inaweza kugeuka meno.

Mbwa mpole ana mwili uliolegea. Ukimwita, anakuja kwa kujipinda upande kidogo, si kwa mstari ulionyooka. Ukisimama kando yake bila kumkazia macho, anakukaribia, anakunusa, anaondoka, kisha anarudi mwenyewe. Huko kurudi ndiko nilikokuwa nakutafuta. Mhudumu alitushauri tukae chini kwenye nyasi tusifanye lolote. Jabali alizunguka ua wote akinusa, akatupita mara nyingi, halafu akaja kuegemea bega la mtoto wangu mdogo, uzito wake wote, huku akitazama kwingine. Mtoto aliyumba akacheka.

Kuna kipimo kingine ambacho kwangu kilikuwa na uzito kuliko hicho. Mfanyakazi mmoja aliangusha ndoo ya bati nyuma yetu. Jabali alishtuka, kama mbwa yeyote angeshtuka, akarudi nyuma hatua mbili. Tukangoja. Muda si mrefu akaenda mwenyewe kuinusa ile ndoo, akaiacha, akarejea kwetu. Mbwa mpole naye huogopa. Ila hofu yake ina mwisho, na ikiisha anarudi alipokuwa. Tukampa pia kipande cha nyama mkononi, akakichukua kwa midomo, si kwa meno. Mhudumu akamshika masikio, akamwinua mguu mmoja mmoja, akamfungua kinywa. Alivumilia yote akitikisa ncha ya mkia. Watu wa kituo wanawajua mbwa hao kwa kuwalisha asubuhi na jioni, kwa hiyo waulize sana. Niliuliza kuhusu paka, kuku, wanaume wenye kofia, pikipiki. Kuhusu paka waliniambia wazi kwamba hawana hakika. Nilishukuru kwa jibu hilo kuliko majibu yote ya kutia moyo.

Hatukupewa mbwa siku ile, na hivyo ndivyo inavyopasa. Alikuja kwanza mtu kukagua nyumbani: ukuta una urefu gani, geti linafungika, maji yapo wapi, kivuli kipo, mbwa atalala wapi mvua ikinyesha, na je, tunakusudia kumfunga mnyororo. Wapo wanaochukizwa na ukaguzi huo wakiuona ni dharau. Mimi niliupenda. Anayekuuzia mbwa mchanga kando ya barabara, akimtoa kwenye boksi huku taa ni nyekundu, hakuulizi una ukuta au huna. Na kama wewe ni mpangaji kama sisi, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla hujaenda kuangalia mbwa yeyote. Mbwa anayerudishwa kituoni baada ya wiki chache huumia mara ya pili.

Suala la jirani lilihitaji uangalifu kuliko ukuta. Tunaishi kwenye ua wenye nyumba chache na geti moja, na jirani wa mlango wa pili ni mama mtu mzima wa Lamu. Kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Haikuwa haki yangu kuleta mnyama wa kilo 40 mlangoni pake bila kumweleza. Nikaenda.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nilimweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema hana ugomvi na kiumbe cha Mungu, anachotaka ni twahara yake. Tukakubaliana: Jabali hapiti upande wa kamba yake ya nguo, hatoki mlangoni bila kamba fupi, na matembezi ya asubuhi yanangoja mpaka watu wamerudi kutoka swala ya alfajiri. Alipokuwa akinisindikiza alinikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyemwona mbwa akilamba mchanga kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Makubaliano yetu yanadumu mpaka leo, na nayahesabu kuwa sehemu ya kumtunza Jabali sawa na chanjo.

Wahudumu wa vituo vya mbwa wana kanuni wanayopenda kuitaja: siku 3, wiki 3, miezi 3. Siku 3 za kwanza mbwa hajui alipo, wiki 3 zinamfunza utaratibu wa nyumba, na miezi 3 ndiyo humfanya aone kuwa hapo ni kwake. Siyo sheria ya sayansi, ila inamsaidia mtu asiwe na haraka. Tulimtengea kona yenye godoro kuukuu, bakuli la maji halikuhamishwa, na wageni tukawaomba wangoje. Hatukumwogesha, ingawa alinuka kizimba. Usiku alilala mgongo ukigusa ukuta, uso ukielekea mlango. Watoto waliagizwa jambo moja: hakuna kumfuata kwenye godoro lake, akitaka watu atakuja. Kwa watoto wenye hamu hilo ni zito, lakini waliliweza, na naamini ndilo lililomfungua upesi kuliko nyama zote tulizompa.

Kula ni jambo la kweli kwa mbwa mkubwa, na asikudanganye mtu. Mbwa wa uzito huo anayekula chakula cha kupikwa atataka takriban kilo moja kwa siku. Sisi humpikia ugali laini na omena, au mapafu na matumbo kutoka buchani, pamoja na karoti au sukuma wiki kidogo. Kuna wanaosema ugali si chakula cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa nyumbani wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambao ndio asili ya mbwa wa nyumbani. Wamekula makombo ya wakulima kwa maelfu ya miaka, na miili yao imejifunza. Ugali peke yake hautoshi, hilo ni kweli; protini lazima. Kitunguu, chokoleti na zabibu havitupwi bakulini, na mifupa iliyopikwa pia, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Mlo wake tunaugawa mara mbili, na hakimbizwi baada ya kula. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda, na ikitokea, wanakufa ndani ya saa chache wasipofika kwa daktari. Ukiona tumbo limevimba, mbwa anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usingoje kukuche.

Ugonjwa uliotufikia sisi ni ule wa kupe. Hapa Nairobi na viunga vyake mbwa wengi huupata wakati mmoja au mwingine. Jabali aliacha kula, akawa mzito kuinuka, na fizi zake zikapauka. Daktari wa mifugo alichukua damu, akathibitisha, akamwandikia doksisaiklini ya wiki kadhaa. Hapo ndipo mtu anapoelewa gharama ya ukubwa: dawa nyingi hupimwa kwa uzito. Vidonge vya minyoo mara nyingi ni kimoja kwa kila kilo 10, basi hesabu mwenyewe. Chukua mbwa mkubwa ukiwa umeketi na karatasi na kalamu kwanza. Alipona, na tangu wakati huo kila jioni mmoja wetu humpitisha vidole masikioni, katikati ya kucha na chini ya mkia, mahali kupe wanapopenda kujificha.

Alikuja akiwa amehasiwa na amechanjwa. Kuhasi kuna wanaokupinga wakisema mbwa atakuwa mzembe. Ninachokiona ni kwamba mbwa jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na jike mkubwa huzaa watoto wanane au zaidi kwa mara moja. Nusu ya mbwa wanaopigwa mawe kwenye majalala yetu walianza kama watoto ambao hakuna aliyewatarajia, na hesabu hiyo ni ya macho yangu tu, lakini tembea uone.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo habari ya kwanza majirani walitaka kuisikia, nao walikuwa sahihi. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, Afrika na Asia zikibeba karibu wote, na katika visa 99 kati ya 100 chanzo ni mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Na bado ni ugonjwa unaozuilika: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kisiwa cha Pemba kilifika huko kwa kuchanja mbwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ndio mwisho wa vifo vya watu kwa ugonjwa huu. Kadi ya Jabali iko nyuma ya mlango wetu, yeyote akiitaka aione. Na mtoto wako akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyo wa nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa ulinzi, ambao ndio mama aliuliza. Njia yetu ya kawaida ya kutengeneza mbwa mkali ni kumfungia kwenye kibanda cha mabati kutwa, hafikiwi na mtu, kisha kumfungulia usiku. Wengine humpa pilipili. Anayetokea ni mbwa mwenye hofu na hasira, asiyeweza kutofautisha mwizi na mwuza maziwa. Atamuuma msoma mita, atamuuma mpwa wako aliyekuja likizo, na siku geti litakapoachwa wazi atamuuma mtoto anayetoka shule. Sheria yetu ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumfunga mnyama kwa namna ya kumtesa kuwa kosa, na ningependa kuona sheria hiyo ikikumbukwa mara nyingi zaidi.

Jabali hajamuuma mtu. Anabweka mara chache, ila sauti inayotoka kwenye kifua kile hufika mtaa wa pili, na akisimama getini watu huona ukubwa wake kabla ya kuuona moyo wake. Mtu mwenye nia mbaya hatafanya utafiti wa tabia. Zaidi ya hapo, kwa kuwa anaishi nasi na kutujua, anajua pia kisicho cha kawaida: mlinzi wa usiku akipita na tochi hainui kichwa, lakini mtu akisimama nyuma ya ukuta kwa muda anaamka na kwenda kusikiliza. Mbwa aliyefungiwa kutwa hana nafasi ya kujifunza tofauti hiyo. Tumemzoesha pia kula kwenye bakuli lake tu na kutoka mikononi mwetu, kwa sababu wezi wa mjini hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, na mbwa mkali mwenye njaa ndiye huila kwanza.

Matembezi yamebaki kuwa kazi. Watu wetu wengi wana sababu za kuogopa mbwa, na wakimwona mnyama wa kimo kile wanavuka barabara, watoto wanapiga kelele, mwendesha boda anakata kona. Siwalaumu hata kidogo, wala siwaambii "haumi". Namvuta kamba karibu, tunasimama pembeni, mtu anapita. Mama mboga wa njia panda alianza kwa kuinua kiti chake tukikaribia. Sasa huniambia, "Mama, leo umemchelewesha," na humtupia ganda la boga. Yeye aliamua mwenyewe, kwa wakati wake.

Jambo moja wahudumu walitueleza mapema, nami nataka wengine walijue kabla ya kusaini: mbwa wakubwa hawaishi muda mrefu. Mdogo anaweza kufika miaka 14 au 15; wa ukubwa wa Jabali, miaka 8 hadi 10 ni kawaida, na akifika 7 ni mzee. Daktari alikisia umri wake kwa meno akasema huenda ana miaka minne. Watoto wangu wanaijua hesabu hiyo. Nyonga zake tayari zinatazamwa, na tunamzuia asinenepe, kwa kuwa kila kilo ya ziada hukaa kwenye viungo.

Ukiamua kwenda, nenda na watu wote mnaoishi nao, dada wa kazi naye, maana ndiye atakayeshinda na mbwa huyo. Vaeni nguo msizozionea uchungu. Mkipita mbele ya vizimba vya wadogo, msiishie hapo. Endeleeni mpaka kwa wakubwa, kisha muulizeni mhudumu ni nani amekaa pale muda mrefu kuliko wote, na kwa nini. Atawaambia. Wakati mwingine mbwa ana tatizo linalohitaji mtu mzoefu, na mtalisikia bila kufichwa. Mara nyingine sababu ni kwamba ni mkubwa, au ni mweusi, au hakuwa mtoto tena alipoletwa. Huyo muombeni atolewe nje, mkae naye kwenye nyasi.